Kujitayarisha kwa Maafa nchini Kongo: Historia ya Nyiragongo na Mji wa Goma, 1977-2021

Utangulizi

Mlima wa Nyiragongo una urefu wa meta 3,470 juu ya usawa wa bahari, na kilele chake kiko kilometa zisizozidi 20 kaskazini ya mji wa Goma. Katika muda wa nusu karne isiyotimia, mlima huo umemwaga moto wake nje ya kilele mara tatu: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002 na tarehe 22 Mei 2021. Mara ya kwanza nchi iliitwa Zaire na ilikuwa chini ya Mobutu. Mara ya pili Goma ilikuwa makao ya waasi wa RCD, nje ya mamlaka ya Kinshasa. Mara ya tatu mji ulikuwa umerudi mikononi mwa serikali, lakini jimbo la Kivu Kaskazini lilikuwa limewekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu wiki mbili tu. Mlima ni ule ule. Dola ndiyo iliyobadilika.

Historia ya mlima huu imeandikwa zaidi na wataalamu wa miamba. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanauliza ni kitu gani ambacho taifa lilijifunza kati ya maafa na maafa yaliyofuata, na ni kitu gani lilichoacha kujifunza. Hoja yake ni nyepesi kuieleza: mpango wa taifa wa kujitayarisha kwa maafa si waraka unaotiwa sahihi na kuwekwa kabatini. Ni mnyororo wa watu watatu, yaani yule anayepima mlima, yule mwenye amri ya kuuhamisha mji, na yule anayebeba mtoto na godoro kutoka nyumbani kwake. Kiungo kimoja kikikatika, viungo viwili vilivyosalia havina faida. Mwaka 1977 hakukuwa na anayepima. Mwaka 2002 alikuwako anayepima, lakini hakukuwa na aliyemsikiliza. Mwaka 2021 mpango ulikuwako, lakini macho yake yalikuwa yamefifia kwa kukosa fedha.

1. Mlima kabla ya mpango

Wenyeji wa nchi hii hawakungoja wataalamu ili kujua kwamba mlima una hatari. Katika imani ya kale ya nchi za Maziwa Makuu, wafuasi wa Ryangombe walitumaini kupumzika baada ya kufa katika Karisimbi, mlima wa baridi na theluji, ambapo wale wasioingizwa katika ibada walitishwa kwa moto wa Nyiragongo. Aliyetunga imani hiyo alikuwa ameutazama mlima vizuri.

Ujuzi wa namna hiyo unaonekana pia katika lugha. Kati ya Goma na Sake yako mabonde madogo ambamo hewa nzito ya kaboni hukusanyika chini, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi au mtoto akiingia humo hufa bila jeraha na bila kelele. Watu wa Goma huita hewa hiyo mazuku, na husema ni upepo mbaya unaoua usiku. Neno hilo limechukuliwa jinsi lilivyo na wataalamu wa volkano wa nchi nyingi, nao wanaliandika katika majarida yao kama istilahi ya elimu. Yafaa msomaji aizingatie hali hiyo: hapa elimu ndiyo iliyokopa kutoka kwa mwananchi. Katika mambo mengine yote ya volkano, kama itakavyoonekana, ni mwananchi aliyeachwa akope, na mara nyingi hakupewa.

Wageni walifika mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1894 Mjerumani Adolf von Götzen alipanda hadi kwenye kasoko. Tangu 1928 ilijulikana kwamba ndani ya kasoko mna ziwa la mawe yaliyoyeyuka, na ziwa hilo liliendelea kuchemka kwa takriban miaka 50. Mwaka 1938 mlima jirani wa Nyamulagira ulimwaga lava iliyofika Ziwa Kivu karibu na Sake. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha taasisi ya utafiti iliyoitwa IRSAC, ambayo makao yake yalijengwa Lwiro, karibu na Bukavu. Huko vyombo vya kupima matetemeko vilifungwa, na mtaalamu Haroun Tazieff akaja mara nyingi kuliangalia lile ziwa la moto. Hata hivyo utafiti huo ulikuwa utafiti wa ajabu za dunia. Haukufungamanishwa na amri yoyote ya kuwalinda watu walioishi chini ya mlima.

2. Mwaka 1977: mji usio na mlinzi

Siku ya Jumatatu, tarehe 10 Januari 1977, nyufa zilifunguka katika ubavu wa Nyiragongo, na ziwa la moto lililokaa kileleni kwa miaka mingi likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi kuliko lava za milima mingi ya dunia, kwa sababu ina silika kidogo. Kwa hiyo haisogei polepole kama uji wa ugali bali hukimbia kama maji ya mafuriko. Siku ile ilikadiriwa kwamba katika miteremko ya juu ilikimbia kwa mwendo wa makumi ya kilometa kwa saa. Hata kundi la tembo lilinaswa, na miili yao ikaacha alama ndani ya jiwe lililopoa. Hesabu ya watu waliokufa haijapata kuwa moja: wengine hutaja watu wasiofika 100, wengine hutaja mia kadhaa. Tofauti hiyo yenyewe ni ushahidi. Dola ambayo haikujua ni watu wangapi walioishi katika vijiji vya mteremko haikuweza kujua ni wangapi waliopotea.

Lava ilisimama kabla ya kufika mjini, karibu na uwanja wa ndege. Goma uliokoka, na kuokoka huko kukawa mafunzo mabaya. Mji ulizoea kuamini kwamba moto husimama penye uwanja wa ndege. Hakuna sheria ya ujenzi iliyozuia watu kuhamia upande wa kaskazini, na miaka iliyofuata mitaa ilipanda kuelekea mlimani, juu ya mawe yale yale ya 1977.

Faida moja ilipatikana. Mwaka 1986 kiliundwa Kituo cha Kuchungua Volkano cha Goma, kinachojulikana kwa herufi za Kifaransa OVG, kama tawi la taasisi ya Lwiro ambayo sasa ilikuwa inaitwa CRSN. Ndipo kwa mara ya kwanza mji ukapata mlinzi wake mwenyewe, na mlinzi huyo alikuwa Mkongo aliyeajiriwa na serikali.

3. Muongo wa maafa

Umoja wa Mataifa uliitangaza miaka ya 1990 hadi 1999 kuwa muongo wa kimataifa wa kupunguza maafa ya asili. Nyiragongo uliwekwa katika orodha ya volkano 16 za dunia zilizostahili kuchunguzwa kuliko nyingine. Karatasini, Goma ulikuwa mji uliolindwa. Kwa kweli, muongo huo ndio uliouvunja mji.

Mishahara ya watumishi wa serikali ya Zaire ilipoteza thamani, na uporaji wa 1991 na 1993 ukadhoofisha kazi za umma. Julai 1994 wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na kandokando yake katika siku chache. Kipindupindu na kuhara damu viliwaua watu wapatao 50,000 katika mwezi wa kwanza. Ardhi ya mawe ya lava haikuchimbika kwa jembe, wala kwa kaburi wala kwa choo. Siku zile zile moto ulikuwa umeonekana tena ndani ya kasoko la Nyiragongo, na Nyamulagira ulikuwa unamwaga lava. Mwaka 1996 vita vilianza Kivu, na mwaka 1998 vikaanza tena. Vyombo vya kupimia viliharibika au viliporwa, na watumishi wa OVG waliendelea kwenda kazini kwa miaka bila mshahara wa maana. Kama mnyororo uliotajwa hapo juu haukukatika kabisa, ni kwa sababu watu hao hawakuuachia.

4. Tarehe 17 Januari 2002: sauti isiyosikilizwa

Tangu mwaka 2001 wachunguzi wa Goma walikuwa wanaona dalili. Moshi mpya ulitoka katika nyufa za zamani, na matetemeko yaliongezeka. Kituo kilikuwa na vyombo viwili tu vya kupima matetemeko vilivyofanya kazi, mahali ambapo mlima wa namna hiyo ungehitaji vingi. Hata hivyo wachunguzi walitambua kwamba mlipuko unakaribia, nao walipeleka habari kwa wenye mamlaka na kwa wataalamu wa nchi za nje.

Lakini wenye mamlaka ni nani? Kinshasa, iliyo mbali kwa zaidi ya kilometa 1,500, haikuwa na askari wala mtumishi wa kumwamuru katika Goma. RCD ilikuwa na askari, ila haikuwa na mpango wala mfuko wa maafa. Mashirika ya kigeni yalikuwa na magari na chakula, ila hayakuwa na haki ya kuamuru mji uhame. Onyo lilizunguka kati ya hao watatu kama barua isiyo na anwani.

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, ubavu wa kusini ulipasuka. Ufa ulishuka kutoka mlimani hadi karibu na Munigi, mlangoni mwa mji. Mkondo mmoja wa lava ulipita juu ya njia ya ndege, ukagawa mji sehemu mbili na kuingia Ziwa Kivu. Sehemu ya mji iliyofunikwa ilikuwa kama asilimia 13, na watu wapatao 120,000 walipoteza makao. Watu kati ya 300,000 na 400,000 waliondoka kwa miguu, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi. Waliondoka kwa hiari na akili yao wenyewe, bila kuongozwa. Jirani alimwita jirani, mizigo ikapakiwa juu ya chukudu, na mji ukahama.

Waliokufa walikuwa wachache kwa kulinganisha na ukubwa wa janga: hesabu nyingi hutaja watu zaidi ya 100. Tena, makumi kati ya hao hawakuuawa na mlima moja kwa moja. Tarehe 21 Januari kituo cha mafuta kilichozungukwa na lava yenye moto kililipuka wakati watu walipokuwa wanachota mafuta. Vifo hivyo vinafundisha kwamba maafa hayamaliziki moto unaposimama. Mpango unaojua kuhamisha lakini usiojua kulinda mahali palipohamwa ni nusu ya mpango.

Vilevile watu wengi walirudi Goma baada ya siku mbili au tatu tu, lava ikiwa bado inafuka. Wageni waliliona jambo hilo kuwa ukaidi. Lakini walioishi Goma mwaka 1994 walijua kambi ni kitu gani. Waliyaona makaburi yake. Kati ya moto unaoonekana na kambi isiyo na maji, walichagua kwa kumbukumbu.

5. Mpango na lugha yake

Baada ya 2002 misaada ilikuja. OVG ilipata vyombo vipya na wafadhili wapya. Mji ulipewa mpango wa dharura, njia za kuhama zilichaguliwa, na mabango yenye rangi nne yaliwekwa mahali pa wazi: kijani kwa hali ya kawaida, manjano kwa uangalifu, rangi ya machungwa kwa kujitayarisha, nyekundu kwa hatari yenyewe. Kwa jumla mfumo huo ulikuwa mzuri. Kasoro yake ilikuwa katika mambo mawili, la kwanza la utawala na la pili la lugha.

Kwa upande wa utawala, kila kiungo cha mnyororo kina waziri wake. Kuchungua mlima ni kazi ya wizara ya utafiti wa sayansi. Kuwalinda raia ni kazi ya wizara ya mambo ya ndani. Kuwasaidia waliohama ni kazi ya wizara ya mambo ya jamii na misaada. Wagonjwa ni wa wizara ya afya. Ofisi zote hizo zina wakubwa wao Kinshasa, na mlima hausubiri barua iende na irudi.

Kwa upande wa lugha, taarifa za wataalamu huandikwa kwa Kifaransa, na wakazi wengi wa Goma husikia na kufikiri kwa Kiswahili. Tafsiri ya haraka haitoshi. Kiswahili kina majina matatu tu ya rangi yanayopatana na nomino kwa viambishi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kufananisha, kijani kwa jani, manjano kwa bizari, machungwa kwa tunda. Kwa hiyo mfumo wa rangi nne umeweka mpaka wake ulio muhimu kuliko yote, ule kati ya kukaa macho na kujitayarisha kuondoka, mahali pale pale ambapo lugha ya mwananchi inaona vivuli viwili vya rangi moja. Kitenzi kingetenda kazi zaidi kuliko rangi. "Kaeni macho", "fungeni mizigo", "ondokeni": maagizo hayo matatu hayahitaji mkalimani, na nyumbakumi yeyote angeweza kuyapeleka mlango kwa mlango.

Neno kulipuka nalo lina mtego wake. Bomu hulipuka, na anayengoja mlipuko hutazama juu na kutega sikio. Nyiragongo mara zote tatu haukuua kwa kulipuka kileleni. Ulipasuka ubavuni, na moto ukatokea chini, karibu na nyumba. Kupasuka ndilo neno linalomfundisha msikilizaji atazame wapi. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta hapa haisaidii, maana ufa wa Nyiragongo hauzibwi na mtu. Aliye chini yake hana kazi nyingine ila kujua unapopita na kuondoka mapema.

6. Mei 2021: mpango wakati wa kujaribiwa

Mwaka 2020 mradi wa Benki ya Dunia uliokuwa unaisaidia OVG ulifikia mwisho wake. Kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata malipo ya intaneti iliyoleta takwimu kutoka vituo vya mlimani. Mawasiliano yalikuwa yameanza kurudi pale mlima ulipopasuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021.

Haki inadai jambo moja lisemwe wazi. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba safari hii dalili za wazi zilitokea dakika kama 40 tu kabla ya moto kutoka. Yawezekana kwamba hata kituo chenye fedha zote kisingeonya siku nyingi kabla. Lakini dakika 40 ni nyingi kwa mji wenye mpango unaofanya kazi, na si kitu kwa mji ambao taarifa yake haina mtu wa kuipokea usiku. Watu wapatao 30 walikufa, wakiwamo waliopatwa na ajali barabarani katika kukimbia, na maelfu ya nyumba yaliungua. Lava ilisimama tena kabla ya uwanja wa ndege.

Ndipo lilipofuata jaribio kubwa zaidi. Ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana, nyufa zikakata barabara. Mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yanasukumwa chini ya mji na chini ya ziwa. Baadaye ilipimwa kwamba mahali pengine yalibakiza meta kama 450 tu kufika juu. Ziwa Kivu lenyewe lina takriban kilometa za ujazo 300 za hewa ya kaboni na 60 za methani, na hofu ilikuwa moto usije ukaivuruga. Alfajiri ya tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Goma, aliyepima na aliyeamuru walisema neno moja. Watu wapatao 400,000 waliondoka kuelekea Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na Rwanda.

Hapo kiungo cha tatu kikaonekana. Sake haikuwa na maji wala vyoo vya kuwatosha wageni hao. Watu walilala makanisani, mashuleni na kando ya barabara, na wenyeji ndio waliowapa chakula. Mwezi wa Juni serikali iliwaruhusu kurudi hatua kwa hatua. Moto wa pili haukutoka, na wengine wakasema amri ya kuhama ilikuwa bure. Maneno hayo ni ya hatari kuliko lava. Amri iliyotolewa kwa sababu ya kweli haiwi kosa kwa kuwa mlima ulinyamaza. Ila mwananchi aliyelala juu ya mawe wiki nzima bila maji atafikiri mara mbili siku ataambiwa ahame tena. Na kama atakataa, lawama si yake peke yake.

Hitimisho

Historia ya miaka hiyo si ya taifa lisilojua. Elimu ilikuwako tangu 1947, kituo tangu 1986, orodha za kimataifa tangu miaka ya 1990, mabango na mipango baada ya 2002. Kilichokosekana ni uendelevu. Kila maafa yalileta wafadhili, kila mradi ulikuwa na tarehe ya kufa, na mlima haukuwa na tarehe.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, mshahara wa mchunguzi wa volkano na malipo ya vyombo vyake ni wajibu wa bajeti ya taifa, kama ulivyo mshahara wa askari anayelinda mpaka. Pili, mji unaohamishwa lazima uwe na mahali palipotayarishwa pa kufikia. Maji ya Sake ni sehemu ya ulinzi wa Goma. Tatu, onyo liandikwe kwanza katika lugha ya anayepaswa kuondoka, likitumia maneno ambayo yeye mwenyewe ameyafanyia majaribio, kama alivyofanya kwa mazuku.

Swali la 2002 halijafutika. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ulitekwa na M23, na kwa mara nyingine mji ulio chini ya mlima ukatengwa na serikali ya Kinshasa. Mpango wa taifa unaodhani kwamba taifa litakuwa daima na mkono mmoja wa kuamuru hauijui historia ya Kivu. Unahitajika mpango ambao vita haviwezi kuuvunja: mchunguzi anayeheshimiwa na pande zote, njia ya kuvuka mpaka iliyokubaliwa mapema na Rwanda, na viongozi wa mitaa wanaojua la kufanya hata kama simu ya gavana haiiti. Mwaka 2002 wakazi wa Goma walijihamisha wenyewe, na wengi wao wakaishi. Huo ndio msingi uliopo tayari, na mpango wowote wa taifa ungefaa ujengwe juu yake.